Bangili ya Kapiteni kwenye mukono ya bibi yangu

Bruxelles, siku ya ine, 13 novembre 1997

Mvua. Si mvua ya kwetu, yenye inapiga mabati, inamaliza kazi, inaenda zake. Hii ya Bruxelles inanyesha kama muntu mwenye kukununia. Tangu asubui.

Niko lopitali, kule Woluwe, kwenye kiti ya plastike. Bibi yangu wa ndoa, Maman Furaha, balimupitisha kwenye mulango ya vioo mbele sijakunywa ata café. Banamufungua kifua, banamubadilishia valve ya roho, ule mulango mudogo wa moyo. Mimi mwenye nilishusha camion bila frein, breki zote zimekufa, kwenye mulima ya Ngomo, mukono moja kwenye volant, ingine inamenya ndizi, leo kalamu ya bic ninaifungua na meno.

Espérance, binti yetu wa mwisho, atapiga hii kwenye ordinateur ya kazi yake, aitie kwenye ile page yetu ya internet, kwenye ninawekaka masimulizi yangu. Bantu ya Galerie d'Ixelles, kwenye maduka ya bantu ya kwetu, basome vizuri. Leo sitie chumvi. Leo chumvi ilinishinda.

Kwanza mujue bangili.

Zamani kwetu kulikuwa Mademoiselle, infirmière, muuguzi Muamerika wa mission. Maman Furaha alikuwa anatumika naye ku maternité. Mademoiselle alikuwa anavaa bangili ya chuma, nyembamba, wazi upande moja, balichora pale jina ya kapiteni moja wa Amerika na siku balimukamata kwenye vita ya Vietnam. Kwao ilikuwa desturi: unavaa jina ya mufungwa, unamuombea kila siku, hauitoshe ku mukono mpaka arudi kwake. Akirudi, unamurudishia bangili, yeye ao jamaa yake.

En soixante-douze, mwaka wa 1972, Mademoiselle akashikwa na ugonjwa, bakamurudisha kwao. Siku ya kuagana akatosha bangili kwenye mukono yake, akaivalisha bibi yangu, bila kuiweka ata kwenye meza. Akasema: sasa ni wewe. Akirudi nitakujulisha.

Nyuma tukasikia Mademoiselle amekufa. Habari ya Kapiteni ikafa naye.

Basi kuanzia pale nikawa mwanaume wa kwanza wa Kivu mwenye kugawana bibi yake na muzungu hajamuona. Asubui, Kapiteni. Magaribi, Kapiteni. Kila vendredi, siku ya tano, bibi anafunga chakula juu ya Kapiteni, na mimi ninakula sombe baridi ya jana. Nikitoka safari, mavumbi mpaka kwenye meno, ananiuliza "umefika?", kisha anaenda kupiga magoti juu ya ule mwingine, naye afike.

Mwaka jana tulipokimbia vita, askari moja wa barrière akaipenda ile bangili. "Maman, tosha." Bibi yangu, mwenye anaogopa ata jogoo, akanyoosha mukono. "Kata hapa. Vitu hivi vinaenda pamoja." Askari akacheka, akatuachilia. Mimi nilikuwa tayari kumurukia. Tayari kabisa. Nilikuwa natafuta tu fasi ya kuweka valise.

Alors huku munganga anasema ndani ya salle ya opération chuma haiingie. Alliance, pete ya ndoa, akatosha bila maneno. Alliance yangu mimi! Lakini bangili, jamais.

"Kama Kapiteni iko bado kwenye kifungo," bibi anasema, "mimi nimuachilie muntu ya Mungu niende kulala?"

Mara ya kwanza baliahirisha opération. Siku ya kwanza ya hii posho, lundi, munganga akaniita pembeni, muntu mupole, macho ya usingizi. Akasema: papa, roho ya maman haina tena nguvu ya kungojea. Opération ni jeudi, siku ya ine. Akikataa, tutaikata na cisaille, mukasi ya kukata chuma.

Nikamuambia: docteur, ukikata ile bangili, roho itapasuka mbele haujaifikia.

Sikuwa ninaogopa kisu. Nilikuwa ninaogopa aingie mule anawaza ameuwa muntu.

Siku ya pili nikapanda bus mpaka kwenye kanisa ya Baamerika. Kingereza yangu ni maneno tatu, na moja ni tusi. Lakini pasteur wao, mzee mwenye nywele nyeupe, alikuwa na français ya kuvuta miguu. Nikamuonyesha jina kwenye karatasi, nikamuonyesha kwenye mukono yangu bangili iko wapi. Akaelewa mbele ya mimi kumaliza. Akakamata téléphone. Akapiga kwao Amerika, akangojea, akapiga tena. Mimi ninakunywa café yao, maji ya kuosha masahani.

Mwisho akaweka téléphone chini. "Papa, il est vivant."

Iko muzima! Alirudi en soixante-treize.

Soixante-treize! Mwaka moja tu nyuma ya bibi yangu kuivaa. Muntu iko kwake, anakula kwake, anakata majani ya lupango, kiwanja ya nyumba yake, na sisi huku tunamulilia mpaka mvi zikatoka.

Nilikimbia kama kijana. Infirmière akanigombeza kwenye couloir, sikusimama. Nikaingia: "Maman Furaha, Kapiteni alirudi! Iko kwake! Tangu zamani!"

Akaniangalia kutoka kwenye mito.

"Na simba, Papa Furaha?"

"Simba gani?"

"Ile ulikamata mukila kule Walikale. Nayo ilirudi kwake salama?"

Espérance akageukia dirisha. Mabega yanacheza.

Nikaapa. Kadiri ninaapa, ndivyo inafanana na simba. Maisha yote ninauza maneno na bantu banagombania, leo niko na neno nzuri kupita yote, kavu, bila chumvi, na hakuna wa kununua. (Na ile simba niliikamata. Lakini leo si siku ya kubishana.)

Kisha akaacha kucheka. Sauti ikawa ndogo. "Papa Furaha, ninajua unataka niishi. Kwa ile ungenidanganya ata mbele ya Mungu. Kama amerudi, yeye ao wa nyumba yake akuje. Iliingia mukono kwa mukono. Itatoka mukono kwa mukono."

Nikarudi kwa pasteur. Kapiteni ni mzee, mapafu imechoka, hapande ndege. Lakini iko na binti, bwana yake askari kule Allemagne, Ujerumani. Pasteur akamupigia. Atakuja mercredi, na gari.

Jana, donc.

Asubui nilipitia Galerie kununua pilipili. Kosa: nikasema nani anakuja. Tonton Kasereka, mwenye salon ya kunyoa, akanipigia makofi: "Iko anakuja binti ya Kapiteni! Kesho kutwa ni Papa wa Roma!" Bakapinga bière kama atakuja ao hatakuja. Hakuna ata moja aliweka upande yangu.

Quatorze heures, saa munane, hakuna muntu. Quinze heures, hakuna. Nilisimama ku dirisha, kila gari inaingia parking ninaiombea. Sikujua niko na maombi mingi hivi. Infirmière akaingia na kitambaa ya kijani, akaiweka kwenye meza ya pembeni, taratibu. Ndani kulikuwa cisaille. Ni ya kesho, akasema, kama maman hajabadilisha mawazo. Maman Furaha akaiangalia, akaficha mukono chini ya drap ya kitanda kama mutoto.

Espérance akavuta kitambaa, akafunika ile chuma.

Giza inataka kuingia, mulango ikafunguka. Pasteur, na nyuma yake bibi moja murefu, nywele nyekundu, manteau inatiririka maji.

Nikafikiri: yamekwisha, tumepona. Bibi yangu akamuangalia mugeni juu mpaka chini, akanigeukia mimi.

"Umemulipa ngapi?"

"Maman!" Espérance anataka kuzama ndani ya sakafu.

"Wewe, Papa Furaha, kaa kwenye kona ile. Ukisema neno unatoka."

Nikakaa. Mimi! Pasteur anageuza kingereza kuwa français, Espérance anageuza français kuwa Kiswahili, na mimi ninameza mate.

Maman Furaha akauliza kitu kimoja tu. "Siku balimukamata baba yako, wewe ulikuwa wapi?"

Nikawaza: ni ulizo gani hii? Amechoka, akili inapotea. Ule bibi akaweka mukono kwenye tumbo yake mwenyewe.

"Anasema alikuwa kwenye tumbo ya mama yake," Espérance akageuza. "Baba yake alimuona mara ya kwanza wakati yeye alianza masomo."

Bibi yangu akafunga macho.

Ikakuwa hivi: Mademoiselle alimunongoneza siku ile ya kuagana, Kapiteni aliacha bibi yake na mimba, uombee bawili. Na bibi yangu akaombea bawili. Miaka yote tunalala kitanda kimoja, mimi sikusikia ata siku moja habari ya mimba.

Nikasahau kona. "Na juu gani haukuniambia?"

"Nikuambie wewe? Mbele ya jua kuzama mimba ingekuwa ya mapacha, na ni wewe ungewazalisha!"

Pasteur akataka kujua tunachekea nini. Espérance akashindwa kugeuza.

Kisha Maman Furaha akauliza baba alirudi lini kweli. Akaambiwa. Akahesabu miaka kwenye vidole, nikaogopa mashine ya roho itaanza kulia.

"Muambie baba yako," akasema, "mavendredi yote nililala njaa juu yake, kumbe yeye iko na shibe. Chakula yangu aitume."

Ule bibi akacheka, na katikati ya kucheka akalia.

Infirmière akaleta sabuni. Mukono ilikuwa imevimba, bangili haikutaka. Maman Furaha akakataa tumusaidie, akaisukuma yeye mwenyewe, meno imekazwa. Ikatoka. Chini yake ngozi ilikuwa nyororo, imebonyea, rangi ingine. Sikuiona tangu soixante-douze. Nikasikia haya kuiangalia, kama ninachungulia bibi ya muntu mwingine.

Hakuiweka kwenye meza. Akamuvalisha ule bibi pale pale.

Infirmière akachukua kitambaa na cisaille yake, akatoka bila kelele.

Binti ya Kapiteni alipaswa kurudia Allemagne jana ile ile. Akauliza jina ya bibi yangu, jina yote, ya kuzaliwa. Nabintu. Akaijaribu, akaikosea, akaijaribu tena mpaka Maman Furaha akaitika kwa kichwa. Kisha akasema kitu kwa pasteur, pasteur akakawia kugeuza.

Hatatosha bangili mpaka Nabintu arudi kwake. Si arudi chambre ya lopitali. Kwake, Chaussée de Wavre, kwenye jiko yake.

Njo maana binti ya Kapiteni iko hapa pembeni yangu sasa, ninapoandika. Hatuna lugha ya kusema. Nilimununulia café ya mashine, akaikunywa, ukarimu ya ajabu. Anapitisha kidole juu ya bangili, anarudisha, anapitisha. Wakati moja ninasikia chini chini: Nabinto. Ninamusahihisha. Nabintu. Anasema tena.

Mulango ya vioo haijafunguka. Munganga moja alitoka, akapita bila kutuangalia. Espérance amesimama, amekaa, amesimama.

Tonton Kasereka, ukisoma hii, bière ni yangu. Lakini sitakuja kuikunywa peke yangu.

Nimejaribu kujisimulia hii neno mpaka mbele, namna nimezoea. Ninafika ku mulango ya vioo, maneno inasimama. Camion, simba, mamba ya Ruzizi, zote nilizipatia mwisho mimi mwenyewe, na mwisho muzuri. Hii sina mwisho yake.

Mungu, imalize Wewe. Na mara hii, usingoje tena kutujulisha.