Suhaib Hanitukani Tena

Manzese, Bondeni,
Dar es Salaam.
Jumapili, baada ya misa.

Dada yangu Rosalia,

Tumsifu Yesu Kristo, na shikamoo. Kabla hujauliza hali yangu ngoja nikwambie: katika watoto wote wa marehemu mzee wetu, mwenye nyota ni mie. Mji huu hakuna mtu anayependwa kama mdogo wako. Bonde zima linaniita Mwenyekiti wa Mto. Mlango wangu haufungwi kwa wageni, chai napika kwa sufuria la pilau, na nikipita njiani salamu zinanichelewesha kazini. Mie huyu huyu niliyeishia darasa la sita kwa kugombana na hesabu.

Nyumbani hamjambo? Mguu wako ule wa kushoto unaendeleaje, na mahindi yamefikia wapi? Huku mie mzima, ni kikohozi cha vumbi tu. Simu ningepiga, lakini wewe kwenye simu husikilizi maneno, unasikiliza mtu anavyohema. Kwa hiyo barua hii nampa Sista Eufrazia, anakuja Peramiho wiki hii.

Habari kubwa ni mto. Ulipokuja kunitembelea ulikataa hata kuutazama. Unapita nyuma ya chumba changu, na juu kidogo kulikuwa na kiwanda cha kutia vitambaa rangi, maji yao machafu wakiyamwaga humo humo. Sie wa bondeni tulikuwaga tunajua fasheni kabla ya wenye maduka: mto ukiwa zambarau, basi sikukuu inayokuja wanawake wote watavaa zambarau. Tulicheka hivyo huku watoto wanatoka vipele miguuni na mchicha wa kina mama unakufa bado mdogo.

Ishu hiyo nikaibeba mie. Nilikwenda ofisi ya serikali ya mtaa mpaka wakachoka na sura yangu. Mwisho maafisa wa mazingira wakaja, wakaitisha mkutano, wakauliza maji yale yanatoka bomba lipi na nani anayafungulia. Kimya. Nusu ya watu waliokuwa pale walikuwa wanakula kwa kile kiwanda.

Sasa hapo ndipo anapoingia Suhaib. Huyu ni Myao wa Tunduru, mlango wake unatazamana na wangu, na tangu nihamie hapa ni mtani wangu kamili, Myao na Mngoni kama wazee walivyotuachia. Asubuhi kabla hajanawa uso ananiita mlafi wa Songea, nami namwita mateka wa babu yangu. Jogoo wangu alimchinja sikukuu ya Idi bila kuniomba, akaniletea shingo. Mie nikachukua kanzu yake mpya nikaenda nayo kanisani. Nilipolazwa na homa, aliyelala sakafuni pembeni ya kitanda changu ni yeye, akiwasihi manesi wanidunge sindano ya ng'ombe maana Mngoni hasikii dozi ya binadamu.

Kazi yake ilikuwa hapo hapo kiwandani, mikono ya buluu mpaka viwiko. Basi kwenye mkutano ule nikasimama na huu mdomo wangu. Nikasema muulizeni mateka wangu huyu, mtazameni mikono, yeye ndiye mwenye kufungua koki. Watu wakacheka. Suhaib mwenyewe akacheka, akasema nitamlipa mbuzi kwa kumchafulia jina mbele ya wageni. Ila wale maafisa hawakuwa na utani na mtu. Wakamwita pembeni. Kumbe koki ilikuwa kweli kazi yake, bosi wake alimpa na kumkataza kusema. Mie sikujua, dada. Nilikuwa natania tu.

Kesho yake bomba likapatikana. Kiwanda kikaambiwa kijenge mtambo wa kusafisha maji kwanza, wenyewe wakaona bora wafunge sehemu yote ya rangi. Wa kwanza kutolewa alikuwa Suhaib, kwa kosa la kutoa siri. Baada yake wakafuata wengine.

Tulikuwa tumeanza kusafisha mto kila Jumamosi, umati na reki na viroba, tunatoa matope yenye rangi saba, kina mama wanaimba. Kila waliposimamishwa watu kiwandani, reki zikapungua. Siku hizi natoka na yangu tu. Mto umepona, siwezi kukudanganya kwa hilo: maji yana rangi ya maji, na juzi nimeona kambale. Nikageuka nimwonyeshe mtu.

Mbuzi nilimpeleka mlangoni kwa Suhaib, nimemfunga kamba nzuri. Akanishukuru, akasema hana pa kumfuga. Sasa anabeba zege huko Goba, mikono imeshatakata. Asubuhi tukikutana huwa namwanza mie, namwuliza mateka umeamka au bado unamwota babu yangu. Anasimama, anajibu, "Nimeamka salama, Bwana Albano. Kazi njema." Anajibu kwa adabu, uso mkavu kabisa, kama anayeongea na askari. Wewe umekulia kwenye utani, unaelewa. Angenipiga kofi ningejua bado ni wake.

Uliponitumia habari ya kifo cha baba mdogo Ferdinand mlikuwa mmeshazika, kwa hiyo nilitandika mikeka hapa uani, nikae matanga kama mtu mwenye kwao. Nikajiambia kwenye msiba mtani hana namna, lazima afanye kazi yake. Atakuja kajifunga kanga, atalia kilio cha uongo, atanidai ada ya kaburi, atasema baba mdogo kafa kwa kukimbia deni la pombe. Majibu yangu nilikuwa nimeyapanga mdomoni.

Alikuja kavaa shati lililopigwa pasi. Akakaa ukingoni mwa mkeka, akanywa kahawa, akanipa mkono. "Pole sana, Bwana Albano. Mwenyezi Mungu awape subira." Akaondoka. Nililia pale mpaka mzee mmoja akaniambia inaonekana marehemu ulimpenda sana. Nikamjibu ndiyo.

Nisalimie shemeji, nisalimie Jesca na wanawe, na wale wote wa jumuiya wanaoniulizia. Sista akirudi mpe unga wa muhogo kidogo, huku wanauza chokaa. Mguu uukande kwa maji ya moto, usibishe.

Hapa nilitaka kuweka sahihi nikulaze na furaha. Lakini ukishaisoma barua utawasomea na majirani, nao watanionea wivu bure, bora mjue. Mwenyekiti wa Mto nimejiita mwenyewe. Chai napika kikombe kimoja. Hakuna mgeni anayekuja hapa, dada, na sipendwi na mtu. Yale ya mwanzo nimekudanganya.

Mdogo wako,
Albano