Kobe Aliyebaki Mkononi

Nyumba ya kona, nyuma ya kinyozi,
Jumapili, 14 Juni.

Mpendwa shemeji yangu,

Pokea salamu zetu nyingi. U hali gani huko uliko? Kifua kinaendeleaje na hiyo baridi? Unakula, au bado unakunywa chai na kuiita chakula? Sisi huku tu wazima wa mwili. Mama magoti yanamsumbua lakini sauti yake ipo palepale, na kila asubuhi anauliza kama umepiga. Watoto wamerudi shule, mimi nimerudi kwenye cherehani. Namshukuru Mungu, ingawa siku nyingine nashukuru kwa mdomo tu.

Nakuandikia barua ya karatasi kwa sababu simu hupokei na ujumbe hujibu. Nitaituma kazini kwako, ili ukabidhiwe mbele ya watu uone haya kuichana. Nakujua.

Tangu tumzike kaka yako hujasema na mtu ila wifi yangu, dada yako, na kwake ulisema neno moja tu. Ameniambia. Kwamba ulikuwa unamshinda mtu aliye kitandani huku unamcheka, na sasa huna uso wa kututazama. Nimelala na neno hilo na nimeamka nalo. Ndiyo maana leo nataka tuzungumze habari ya ule mchezo wenu wa karata wa kwenye simu. Usinicheke. Miaka yote nimeshona kola pembeni ya kiti cha kunyolea cha kaka yako, nikisikia anavyowafundisha mchezo huo wateja wenye povu mashavuni, na wao hawana pa kukimbilia. Hata mimi nilihitimu.

Basi sikiliza habari ya Kobe wa Kinamasi. Karata hiyo wengi wanaitoa mapema kwa sababu picha yake inatisha. Wanakosea. Akitoka mapema ni gamba tupu, yeyote anampiga. Kaka yako alikuwa anamficha mkononi na kuanza na wadogo, konokono, chura, kaa, wale wa kinamasi ambao hakuna anayewaogopa. Anawaweka mezani mmoja mmoja na kuwaacha wauawe. Kila mmoja wao anapokufa, Kobe aliye mkononi anaongezewa nguvu. Kitu kimoja tu kinamwangusha, nacho ni karata ya Radi. Kwa hiyo unavumilia mpaka mwenzako aimalize Radi yake kwa chura asiye na maana. Hapo Kobe anatoka, na akitoka mchezo umekwisha.

Sasa kumbuka mchezo wenu wa mwisho. Wewe uliwafyeka konokono wote, ukaandika pale chini ya skrini kwamba mzee amechoka, heri akanyoe mbuzi. Radi yako uliitupa kwa kaa. Kwa kaa, shemeji, na wewe mtu mzima.

Mimi nilikuwa naye wodini. Simu niliishika mimi kwa sababu mikono yake yote ilikuwa na mipira ya dripu, yeye akiniambia niguse wapi. Nikaona Kobe anametameta ukingoni, kama anavyofanya akishakuwa na nguvu ya kumaliza. Nilidhani dawa zimemlevya hajamwona. Nikamwonyesha, nikamuuliza mbona hamtoi akamfunga huyu mwenye maneno mengi.

Alicheka mpaka kikohozi kikamshika. Kisha akasema, "Nikimfunga leo, kesho atanitafuta kwa lipi?"

Nilikasirika, sikufichi. Nilimwambia huo ni upuuzi, ndugu yake ampigie simu kama ndugu wengine wanavyopiga. Akanijibu kwamba wewe si mtu wa simu tangu utotoni, ukiulizwa hali unasema mzima na kukata. Lakini kwenye karata, alisema, unaongea. Ukicheza upesi alijua umetoka kazini na moyo mweupe. Ukichelewa alijua bosi amekuchosha. Ule wakati ulikuwa unacheza ovyo, alijua yule mchumba amekuacha kabla hujamwambia mtu. Basi zamu ikimfikia alikuwa anamtazama Kobe, halafu ananiambia niguse chura. Alifanya hivyo mpaka siku aliyoshindwa kusema niguse wapi, nikagusa chura mwenyewe.

Kwa hiyo usijisingizie, shemeji. Hukumshinda. Yeye ndiye aliyekuwa ameshakushinda siku nyingi, ila hakutaka muachane.

Huku kumekuwa kugumu. Kiti chake amekishika kinyozi mwingine, ananyoa vizuri na ana nywele zake zote, wala hakuna mteja wa kumtania upara kama walivyokuwa wakimtania kaka yako. Lakini hasemi kitu. Mashine ikianza kulia nainua kichwa nimjibu mtu, kisha nakumbuka. Nimeshona mikono ya mashati kinyume mara si haba.

Mchezo wenu bado uko wazi na zamu ni yako. Pameandikwa kwamba usipocheza mpaka mwezi uishe, meza itafungwa yenyewe. Sitaki ifungwe. Hapo ndipo mahali pa mwisho mlipokaa pamoja, na mimi sina pengine pa kukupata. Cheza chochote, hata ovyo. Simu yake ninayo, naichaji pale kwenye rafu ya kioo karibu na taulo. Ukiona jina lake limewaka usishtuke, ni mimi nakujibu.

Na ukipata nguvu, mpigie Mama. Mwambie u mzima, ukate. Atafurahi vilevile.

Mama anakusalimu na kusema uvae soksi. Wifi anakusalimu, ameshajua nimekuambia na hajanuna. Watoto wanamsalimu baba yao mdogo, na fundi viatu wa mlango wa pili bado anauliza raba ulizomwachia azifanyeje.

Mungu akufunike huko ugenini, akupe usingizi, na akulegezee mkono uguse karata.

Wako akupendaye, na asiye na haraka ya kukufunga,

Shemeji yako.