Mahameli ya Dada

9 Februari

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Hujambo? Shemeji hajambo? Mimi ni mzima kama msumari mpya, isipokuwa kidole gumba. Nilikigonga kwa nyundo jana nikimwonyesha mteja jinsi fundi wa kweli asivyogonga kidole.

Barua yako nimeipata na nimeisoma mbele ya karakana nzima, kwa sauti. Unauliza viti vyako vya sebuleni uvivishe kitambaa gani huko kwenye joto lenu la pwani. Dada, umebisha mlango wenyewe. Siku hizi hata fundi mkuu akitaka kuchagua kitambaa ananitazama kwanza mimi. Yeye anasema ananitazama ili ninyamaze, lakini kutazamwa ni kutazamwa.

Jibu ni mahameli. Nyekundu iliyoiva, ile ambayo ukipitisha kiganja hivi inang'aa, ukikirudisha inafifia. Huku kwetu kwenye baridi, mgeni akikalia mahameli anasahau kama ana kwake. Chini weka sponji nene inayommeza mtu mpaka kiunoni. Ngozi ya plastiki tuwaachie vinyozi.

Usinunue huko, watakupunja. Nitachagua mimi, nitakata mimi, nitakutumia kwa basi. Wewe ndiye uliyenilea tangu mama alipotutoka. Ulinifunga kamba za viatu mpaka nikaota ndevu, zote tatu. Sasa acha nikuvishie sebule.

Mdogo wako wa pekee


27 Februari

Mdogo wangu Kidomo,

Marahaba. Sisi hatujambo, ila joto. Hapa nguo ikikauka kamba ya huku, ya kule imeshaloa tena kwa hewa tu. Chumvi yangu imekuwa uji ndani ya kopo. Shemeji yako anakusalimu. Yeye ana bahati, anafanya kazi kiwanda cha barafu.

Nashukuru kwa moyo wako. Lakini kuna jambo. Mdogo wake shemeji yako amehamia kwetu, na yeye pia ni fundi wa viti. Ni mrefu, mwembamba, mtaa mzima unamwita Sindano. Nilipomtajia mahameli alicheka mpaka akashika ukuta. Anasema huku mahameli inakunywa jasho na hairudishi. Ameniletea kipande cha pamba nzito, rangi ya mchanga, akasema, "Shemeji, kikalie siku mbili tatu, halafu mwili wako wenyewe utakwambia."

Ni kijana mwema. Ananitekea maji, vyombo anaosha bila kuambiwa. Nimeshamzoea, namwita mdogo wangu.

Usikasirike. Unaonaje?

Dada yako


6 Machi

Dada,

Shikamoo. Mimi mzima. Hali yako siiulizi, naona unatekewa maji.

Nilisoma mpaka pale "namwita mdogo wangu", nikaikunja barua, nikaifungua tena, nikakuta bado imeandikwa.

Pamba rangi ya mchanga! Hicho ni kitambaa cha mfuko wa unga. Mtu anayetaka wageni wako wakalie mfuko wa unga hakutakii mema. Na huyo Sindano alikuwa wapi ulipokuwa unanibeba mgongoni kwenda zahanati? Anajua kwamba ukikasirika sana unaanza kucheka? Anajua hupendi kuulizwa kitu ukiwa unahesabu? Kuosha vyombo hata mimi naosha. Siku nikitaka.

Mahameli nimeituma leo, imekatwa tayari kwa vipimo ulivyoniandikia. Nimeweka na misumari ya chuma. Huyo wako agonge tu, kugonga hakuhitaji akili. Nimeweka pia nailoni. Ukimaliza ivute juu ya viti vyote na usiitoe. Unakumbuka huku kwetu: kiti cha maana hakivuliwi nailoni mpaka mwenye nyumba ahame.

Sasa chagua. Mahameli yangu au gunia lake.

Mdogo wako wa damu


2 Aprili

Mdogo wangu Kidomo,

Marahaba. Tuko salama, mvua zimeanza.

Viti vimevaa. Sindano aligonga misumari yote bila neno, ila kichwa kilikuwa kinatikisika. Nailoni nimeiweka kama ulivyosema. Kila anayeingia anavisifu kabla hajakaa.

Nimechagua ya kwako. Umeridhika?

Dada yako


15 Aprili

Dada yangu wa dhahabu,

Shikamoo, tena shikamoo. Hujambo? Mimi sijambo mpaka nakera watu.

Nimeridhika? Nimezunguka na barua yako mtaa mzima, kwa dobi, kwa kinyozi, mpaka kwa yule mama mwenye duka asiyenipenda. "Kila anayeingia anavisifu." Fundi mkuu alisoma akaniuliza, "Na wakishakaa, wanasema nini?" Wivu huo. Mzee wa watu hajawahi kusifiwa pwani.

Sasa nina swali dogo tu, wala silifikirii sana. Sindano analala wapi? Nyumba yenu ina chumba kimoja na sebule. Usiniambie analala kwenye kile kiti kirefu. Kitambaa chake nilikikata kwa mkono wangu, nikiwaza wewe umekaa pale jioni umeinua miguu. Sikuwaza miguu ya mtu mwingine, hasa mirefu.

Nijibu upesi.

Mdogo wako mshindi


20 Mei

Dada,

Shikamoo. Hujambo kweli? Sijapata jibu, na nimeandika barua nyingine katikati, nayo kimya. Unaumwa? Au kuna mtu anakuchekesha mpaka umesahau kalamu ilipo?

Usiponijibu, kichwa changu kinajijibu chenyewe. Namwona Sindano amejinyoosha juu ya mahameli yangu, anawasomea barua zangu kwa sauti ya mbuzi, wewe unamwambia, "Acha bwana," huku unacheka. Nikiwa nakata kitambaa namwona. Jana nilikata mkono wa kiti cha mteja upande usiofaa. Nikasema kitambaa ndicho kilichogeuka.

Kama viti vina kasoro, sema. Havina. Basi sema hivyo.

Mdogo wako, kama nafasi haijachukuliwa


8 Juni

Mdogo wangu,

Marahaba. Nisamehe. Sikuwa nakucheka. Nilikuwa nikishika kalamu naona uso wako, naiweka chini.

Nina mimba ya miezi mitano, Kidomo. Nimetapika mwezi mzima, na kilichonitapisha zaidi ni harufu ya sebule yangu.

Nitakwambia yote. Ile nailoni, mtu akikaa inamganda mapajani. Akiinuka kiti kinalia kwaa, wageni wanatazamana. Shemeji yako akitoka kazini anakaa sakafuni. Mvua zilipokolea, unyevu uliingia chini ya nailoni ukakosa pa kutokea. Mahameli ikaota ukungu mweupe kama ndevu za mzee. Misumari ikashika kutu na kutoa machozi ya kahawia kila pembe. Sponji ukiibonyeza inatoa maji. Sindano ndiye aliyekuwa analala pale, ndiyo, kwa sababu hatuna pengine. Asubuhi alikuwa anaamka shavu lina alama ya mshono wako, na hata siku moja hakusema kitu. Nilimkataza. Nilimwambia, "Mdogo wangu asijue."

Wiki iliyopita nilizimia nikifagia. Nilipoamka nikakuta Sindano ameshavivua viti vyote. Sponji ameitupa, fremu amezianika juani. Sasa vimevaa ile pamba ya rangi ya mchanga, na kava zinavuliwa kwa zipu nazifua mwenyewe. Napumua.

Niliogopa kukuvunja moyo. Mahameli yako nimebakiza kipande ambacho hakikuharibika, nimekiweka kabatini.

Dada yako


14 Juni

Dada,

Salamu. Hongera kwa ujauzito. Viti ni vyako, sebule ni yako, na fundi unaye. Mimi nina kazi nyingi.

Fundi


3 Septemba

Dada,

Shikamoo. Hujambo? Tumbo halijambo? Barua zako za Julai nilizipata zote. Sikujibu kwa sababu nilikuwa nimenuna, na kununa ni kazi ya kutwa, haina hata mapumziko ya chai.

Lakini ukae ukijua sikununa bure, nilinuna nikiwa nafanya uchunguzi. Nilisema lazima nimshike Sindano kwa uongo. Pwani siwezi kuja, basi nikaitafuta pwani hapa hapa. Nikaipata kwa dobi. Kile chumba chake cha pasi, dada, ukiingia miwani inapofuka. Mvuke umejaa kutwa na hakuna dirisha. Nikapiga ubao mrefu, nikagongea vipande vya vitambaa mstari mmoja: ngozi ya plastiki, mahameli, nailoni ya maua, kitani, pamba nzito. Halafu nikavaa kaptula nikavikalia kimoja kimoja, kutwa, kila nilipopata nafasi.

Watu walikuja kuangalia. Dobi akawa anawaambia wateja, "Huyu anaatamia." Yule mama wa dukani alikuja mpaka mlangoni akauliza, "Vitaanguliwa lini?" Nikamwambia asubiri.

Ngozi ya plastiki niliposimama ilisimama na mimi. Nimebaki na paja moja lisilo na nywele. Mahameli siku ya kwanza ilinibembeleza, siku ya pili ikanuka soksi, siku ya nne ikaota ndevu, nyingi kuliko zangu. Misumari ya chuma ikaanza kushika kutu. Ya shaba haikubadilika hata rangi. Kitani kilipumua vizuri ila kinajikunja kama uso wa mtu mchoyo. Na pamba nzito... Dada, nilikaa juu yake, nikatoka jasho, nikainuka, nikanywa chai, nikarudi nikaikuta imekauka.

Nikaikalia tena. Imekauka tena. Nilitaka kuipiga teke.

Kwa hiyo Sindano hakudanganya. Nimeliandika hilo mara moja na sitalirudia. Ila mwambie, kama hajui, na najua hajui: chini ya kiti asipige ubao, aweke mikanda iliyoachana, hewa ipite. Na kama kuna kiti dirishani akisogeze, jua litakula rangi. Kama anajua tayari, usiniambie.

Kitu kimoja kimenikaa. Ulikuwa unatapika kwa ajili ya kitambaa changu na ukakiacha mpaka ukaanguka. Angekuwa yeye amekosea, ungemwambia siku ile ile, mngecheka, mngetoa. Mimi hukuniambia. Yeye unamwamini kwa ukweli, mimi unanifichia kama mtoto. Hilo ndilo linaloniuma, dada, kuliko ile pamba.

Mdogo wako


19 Oktoba

Kidomo,

Marahaba, marahaba. Tuko wazima, na sasa tumeongezeka. Ni msichana. Ana mapaja kama mito ya kochi na sauti yako.

Umesema kweli. Nilikufichia kama mtoto. Nilipoondoka huko ulikuwa na ndevu tatu, na kila nikikuwaza nakuona vile vile. Sikukuhesabia miaka. Kuanzia leo nakwambia mambo yanavyokuja, hata yakiwa machungu, na wewe usiniandikie tena "Fundi". Siku ile nilicheka sana, unajua maana yake.

Sasa la kwanza hili hapa. Wanawake wa jirani walikuja kumwona mtoto. Wakamwona Sindano anazungukazunguka na beseni, wakasema, "Baba mdogo tumemwona. Mjomba yuko wapi?" Nikajifanya namfunika mtoto. Aliyejibu ni Sindano. Alisema, "Yuko njiani." Walipoondoka akaniambia, "Shemeji, mwandikie, asinifanye mwongo."

Kuna fremu ya kiti kimoja cha mikono. Shemeji yako ameileta, nikikalie nikinyonyesha. Nilimwambia Sindano akivishe, akakataa. Nikambembeleza, akasema tena hapana. Anasema akigusa kiti hicho utakuja na shoka. Kwa hiyo nanyonyeshea kitandani na mgongo unaniuma, na kiti kipo pale, mbao tupu.

Njoo.

Dada yako


25 Oktoba

Dada,

Shikamoo. Hujambo? Shemeji hajambo? Na huyo mwenye mapaja hajambo? Mwambie nimemuulizia kwanza yeye, nyie wengine ni adabu tu.

Fundi mkuu amenipa ruhusa. Kasema niende na nisiharakishe kurudi, watu wapumzishe masikio. Napanda basi Ijumaa. Nina pamba nzito, mikanda, misumari ya shaba, na zipu ya plastiki isiyoshika kutu. Nimeikalia pamba yenyewe kwa dobi siku mbili nzima kabla ya kuikata, hilo mtoto atakuja kunishukuru akishajua kuongea.

Mwambie baba mdogo (ona, nimemwita kwa cheo chake, nimekomaa) aje anipokee stendi. Nitamruhusu anishikie kitambaa nikivuta. Upande wa nyuma. Vile viti vingine abaki navyo, sina neno, na akitaka kukutekea maji akutekee mpaka pipa limwagike. Baba mdogo anaweza kupatikana hata kwa jirani, ukimzoea mtu tu unamwita. Lakini huyo mtoto ukoo mzima wa mama yake ni mimi. Hakuna wa kuhamia nafasi hiyo na sanduku lake.

Kwa hiyo asimbebe sana kabla sijafika. Na asimfundishe kucheka. Hiyo kazi ina mwenyewe.

Mjomba