Kwa Yaya, Aliyechomoa Waya

Mpendwa Yaya, dada yangu,

Jana nilifanya jaribio la kwanza bila wewe, na sina mwingine wa kumpelekea ripoti. Nakuandikia mbele ya watu, kwa kuwa wasomaji wetu wanauliza mbona tumenyamaza tangu siku tuliyokuzika kule Mudaka, kando ya baba yetu, Papa. Wengine wamesema tumenunuliwa. Nilikuwa na jibu kali kwa hao, nikalifuta. Ungelifuta wewe.

Unakumbuka tulivyoanza? Wewe ulikuwa ukifundisha informatiki, somo la kompyuta, dada mkubwa mwenye subira. Mimi niliandika makala za kugombana na kila mtu. Ukaja nyumbani kwetu, mtaani Kasha, siku moja umekasirika, jambo ambalo sikulizoea. Kituo kimoja cha afya kilikuwa kimenunua programu ya hifadhidata ya kutunza majina ya wagonjwa na dawa zao. Umeme ulikatika mara moja tu, na nusu ya wagonjwa wakapotea humo ndani. Ulipouliza nani aliwashauri kuinunua, walikuonyesha makala kutoka mtandaoni, yenye nyota tano.

"Petit," ukaniambia mimi mdogo wako, "ule aliandika vile, kwao courant ya umeme haikatike hata siku moja."

Hapo ndipo ilipozaliwa kazi yetu ya kujaribu programu na kuwaandikia watu tulichokiona. Mpaka leo nawachukia watu wale wa nyota tano. Wanaketi mahali ambapo taa haizimiki, wananakili maneno ya muuzaji, wanayapanga upya, halafu wanayaita uchunguzi. Hawajawahi kuona muuguzi akiandika jina la mtoto huku macho yake yako kwenye balbu, akiomba isizime kabla hajamaliza. Sifa wanazozitoa ni za gari ambalo hawajaliwasha. Na mashirika yetu, yenye ofisi nzuri na magari meupe, yanazisoma sifa hizo kama Injili.

Wewe hukugombana nao. Ulileta kompyuta ya mezani isiyo na betri, ukaiweka sebuleni kwa Mama, ukatunga jaribio ambalo sijalisoma katika kitabu chochote: tunaingiza majina, na programu ikiwa katikati ya kuyahifadhi, tunachomoa waya ukutani. Kisha tunawasha, tunatazama nani amebaki.

Mimi nilitaka tutumie majina ya wagonjwa wa kweli, ili jaribio liwe na uzito. Ulikataa kabisa. Siri ya mgonjwa si ya kuchezea, ulisema. Ukaketi, ukaanza kuandika watu wetu waliokufa. Papa. Koko, bibi yetu, mwenye jina moja tu, ambalo programu za kigeni zililikataa kwa kudai jina la pili. Tonton Bahati, mjomba wetu aliyefukiwa na shimo la dhahabu kule Mwenga, ambaye hakuna aliyejua tarehe yake ya kuzaliwa. Kila mmoja ulimpa ugonjwa mdogo uliomfaa: Koko kikohozi, Papa mgongo, Tonton homa.

"Hawa hawatatushitaki," ulisema, na Mama akacheka jikoni mpaka akaja kutazama.

Tangu siku hiyo Mama hakukosa jaribio hata moja. Ulikuwa ukiniita, "Petit, chomoa!" nami nachomoa. Skrini inakufa. Tunarudisha waya, tunangoja, na Mama anauliza kutoka kwenye kiti chake, kama mtu anayengoja wageni:

"Beko bote?"

Wako wote? Wakiwa wote, ulisema, "Bote beko, Mama," naye anarudi kwenye sufuria yake ya sombe, majani ya muhogo. Akikosekana mmoja, Mama alimwita kwa jina.

Nakumbuka zaidi siku ile katika ukumbi wa parokia. Mjumbe wa kampuni alikuja kutoka Kinshasa na tai yake na projekta yake, akawaalika wasimamizi wa vituo vya afya. Mezani kulikuwa na sucré, soda za kila rangi. Kanuni yako ilikuwa tusiguse cha muuzaji, hata soda, nawe ulikuja na chupa yako ya maji mkobani. Alipomaliza kuisifu programu yake, ulisimama ukaomba kuingiza majina machache, na yeye akakubali kwa tabasamu. Ukaingiza watu wetu. Ndipo ukauliza:

"Naweza chomoa waya?"

"Maman, hii haiko pasi," akajibu, na ukumbi mzima ukacheka.

Ukachomoa. Alipowasha tena, Papa alikuwepo, Tonton alikuwepo. Ulitafuta tena na tena, taratibu, kisha ukamgeukia yule mjumbe bila kupandisha sauti:

"Bwana, umetuzikia Koko mara ya pili."

Hakuna aliyecheka. Yule bwana alikunja waya zake akasema kwamba wanawake wa huku wanakuja kuharibu mashine za watu. Nilitaka kumshika tai. Uliushika mkono wangu.

Usiku sikulala, asubuhi nikakuletea makala yenye moto, ambamo niliiita kampuni ile wezi kuanzia mstari wa kwanza. Ulisoma yote, kalamu mkononi.

"Petit, uliona iko inaiba, ao uliona iko inapoteza?"

"Inapoteza. Lakini Yaya, vile alikutukana..."

"Basi andika inapoteza. Kile uliona. Hasira yako, weka ku mukate, ukule."

Nilikasirika nawe kutwa nzima. Makala ilitoka fupi na kavu, nayo ndiyo iliyovifanya vituo vile viikatae programu ile. Matusi yangu yasingefanya hivyo.

Sasa sikia kilichotokea. Kampuni ileile imeleta toleo jipya. Msimamizi wa kituo cha afya kilicho karibu na kwetu, Maman Espérance, amekuja mara kadhaa. Daftari zake zinaliwa na unyevu, wagonjwa wanarudi na hakuna anayejua walipewa dawa gani. "Tunangoja neno lenu," aliniambia. Lenu. Nusura nimfukuze, kwa kuwa neno lilikuwa tayari: hapana. Sikuhitaji jaribio. Nilikuwa na picha ya mtu mwenye tai na kicheko cha ukumbi, na wewe hukuwepo kunishika mkono. Niliiandika ile hapana, Yaya. Nzuri sana, kali sana. Nikamsomea Mama.

Alisikiliza mpaka mwisho.

"Na mulichomoa lini?" akauliza.

Nikaifunua kompyuta yako kitambaa ulichoifunikia mwenyewe. Nikaweka programu yao, nikaingiza watu wetu mmoja mmoja: Papa na mgongo, Koko na kikohozi, Tonton na homa. Nikashika waya.

"Na Vumilia?" Mama akauliza.

Nilijifanya sikusikia.

"Yeye pia ni mutu wetu. Muandike."

Yaya, vidole vyangu havikutaka. Kuandika jina lako pale ilikuwa kukubali uko upande gani. Niliandika. Mahali pa ugonjwa nilisita sana. Ule wa kweli sikuweza kuuandika. Nikakupa jino. Hukuwahi kuumwa jino maisha yako yote, ulikuwa ukivunja karanga ngumu mbele yetu ukijisifu. Mama aliliona akacheka, kisha akafunika uso kwa kitenge.

Nikabonyeza kuhifadhi, nikachomoa.

Nakiri nilitaka ikupoteze. Nilitaka uwe umetoweka, ili niwe na haki ya kuwaunguza. Nikawasha.

"Beko bote?"

Ulikuwepo. Vumilia, jino linauma. Nikachomoa tena, kwa nguvu, mpaka tundu la ukutani likalegea. Ukarudi. Nikachomoa nikiwa nalia, na ukarudi tena, na jino lako, kana kwamba ulikuwa umetoka uani tu. Watu wale wamejifunza kutopoteza mtu. Wamejifunza kutoka kwako, na hawatakushukuru.

"Bote beko, Mama," nikasema. Hilo lilikuwa neno lako, sikuwahi kulisema mimi.

Basi nimeandika kile niliona: programu hii haipotezi, Maman Espérance aichukue. Hakuna tai ndani ya makala, wala pasi. Ni fupi na kavu.

Kilichobaki ilikuwa kanuni yako ya mwisho, ya kufuta majina yetu baada ya kila jaribio ili tusiache wagonjwa wa uongo. Zamani ulifuta wewe, huku ukipiga mluzi. Jana Koko alikwenda, Papa akaenda, Tonton akaenda. Ukabaki peke yako kwenye skrini, na mashine ikaniuliza kama nina hakika.

Sikuwa na hakika. Nilibonyeza.

Mama ameshaifunika kompyuta kwa kitambaa chako. Ameniambia programu nyingine ikija nimwite, nami nimemwahidi. Lala, Yaya. Nitakuandika tena kila mara, na kila mara nitakupa jino.

Petit wako,
anayechomoa