Mbinu ya Kamba ya Nguo

Mdogo wangu daktari,

Nakusalimu kwa jina la Mungu. Mgongo wako unaendeleaje? Mimi sijambo, ila sabuni imenichubua mikono na mashuka ya wateja hayapungui.

Binti yako alikuja juzi. Nilipokuwa naanika, akaanza kutaja mifupa ya mwili, kila nguo na mfupa wake, kutoka kofia mpaka soksi. Nikamuuliza nani kamfundisha kukariri hivyo.

"Baba! Aliibuni mwenyewe utotoni. Shangazi, ungeijua mbinu hii usingefeli shule!"

Nikacheka, nikainamia beseni asione machozi.

Mdogo wangu, mimi nilifeli lini? Mama aliniachisha darasa la sita nifue nguo za watu ili wewe usome. Ni mimi niliyekukaririsha pale kambani, nguo kwa nguo, mpaka ukafaulu. Mungu ni shahidi. Nimekusamehe mengi, lakini hili limenikaa kooni.

Sitaki shukrani. Mwambie mwanao ukweli kwa mdomo wako mwenyewe. Anarudi Jumamosi, na nisingependa ausikie kwangu. Tafadhali nijibu upesi.

Dada yako