Kitambaa cha Mama Juu ya Kompyuta

Angetile,

Kompyuta inaandaa upya video ya mazishi ya Baba. Usiizime. Ikifika asilimia mia, iweke kwenye flashi, shangazi Lucy ataipitia saa kumi.

Siku tatu sasa inajizima ikifika tisini, nami nikakulaumu wewe na magemu yako. Nisamehe, nimechoka. Leo asubuhi nimekuta Mama ameifunika yote kwa kitambaa chake cha kufuma, mashine imechemka kama jiko.

~~Mwambie Mama asiiguse tena.~~ Usimwambie kitu. Nilipomuuliza alisema, “Baba yenu yumo humo. Nimwache bila kufunikwa?”

Kitambaa nimekibakiza kwenye kioo tu. Akiifunika yote tena, kaa naye kidogo, ndipo ukiondoe.

Ndaga fijo, asante sana,
Dada yako