Chupa Niliyoiweka Mezani kwa Mjomba

S.L.P. 88,
Nkawkaw,
Ghana.
14 Novemba 2022

Mpendwa Dada Konadu,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Natumaini wewe, shemeji Opare na watoto mko wazima, na kwamba lile goti lako halijaanza kukusumbua sasa baridi ya Hamburg inapoingia. Sisi huku miili ni mizima. Mvua zimekawia kuisha mwaka huu, njia ya kwetu ni tope tupu, na mihogo yangu ya nyuma ya nyumba imeozea ardhini. Presha ya Mjomba Ampofo imeshuka, ingawa bado anakula chumvi kwa kujificha.

Najua si habari za chumvi unazozingoja. Jumatano ulinipigia simu mara sita sikupokea. Usiudhike. Kwenye simu mtu hunyamaza akinisubiri niseme, nami sina la kusema. Karatasi hainisubiri. Barua hii nampa Mwalimu Boatemaa, anasafiri Alhamisi kwenda kwa mwanawe Bremen, na ameniapia ataitia posta huko huko.

Mjomba alikwambia nimekirudisha kile kinywaji cha kichwa ambacho Twumasi alikuja nacho kuniposa, kwa hiyo ndoa imekwisha. Nawe ukaniachia ujumbe kwamba tiketi utanunua, nije nikae kwenu. Ahsante, Dada. Nilikisikiliza kile kisauti chako mara mbili. Sasa nikueleze ilivyokuwa, maana Mjomba naye alieleza alivyoona yeye.

Tangu mwanetu Nyarkoa atutoke ni mwaka mmoja na miezi minane. Mimi na Twumasi hatujagombana hata siku moja, na hiyo ndiyo shida yenyewe. Yeye husema maji yamechemka, mimi husema haya. Mimi husema umeme umekatika, yeye husema naona. Jina la mtoto halitajwi. Watu wananisifu kanisani kwamba mimi ni mwanamke jasiri, silii ovyo. Si ujasiri, Dada. Nimekufa ganzi. Nikiungua na sufuria, nagundua kesho yake nikiona lengelenge.

Mwezi uliopita Twumasi akaja na wazo lake. Kuna mteja mmoja, alimtengenezea friji, akamsimulia kwamba Koforidua kuna kiwanda kidogo cha pombe kali ya mchikichi ambako watu huingizwa wakaona inavyopikwa na kuonjeshwa. Akaniambia, “Twende siku mbili. Tuzunguke, tule chakula ambacho hatukukipika sisi.” Nikamwambia sawa. Siku hizi naitikia sawa kwa kila kitu, ni neno fupi.

Tukaenda Ijumaa ya tarehe nne. Pale hotelini binti wa mapokezi, mchangamfu kweli, akawa anaandika majina yetu huku anapiga soga. Akauliza, “Na watoto leo mmemwachia nani?” Mimi nikaangalia kalenda ukutani. Twumasi akamjibu, bila kusita, “Wa kwetu ni mmoja. Yuko kwa bibi yake.” Binti akasema bora hivyo, wazazi nao wapumzike. Unajua kwamba mama yake Twumasi alitangulia miaka minne kabla ya mtoto, na kwamba mtoto ndiye aliyechukua jina lake.

Chumbani nilikunja nguo zilizokuwa zimekunjwa tayari. Nilijua kwamba ni neno la kumliza mtu. Nikasubiri nilie, sikulia, nikaenda kuoga.

Jumamosi tulikula, Dada, mpaka nikamwonea huruma Twumasi kwa jinsi alivyokuwa akijitahidi. Asubuhi wali wa kunde kwenye majani, wenye yai na tambi na kila takataka. Saa nne maandazi ya duara ya kando ya barabara, ya moto mpaka yanapitisha mafuta kwenye karatasi. Mchana akanipeleka kwa mama mmoja anaitwa Asieduwaa, ambaye fufuu yake, ule ugali wa mihogo ya kutwanga, watu huipangia foleni. Supu ya ndezi, pilipili ya kweli. Twumasi jasho linamtoka, anavuta kamasi, anafurahi. Mimi nachovya, nameza, nachovya, nameza.

Yule mama akaja akasimama juu yetu, mikono kiunoni. “Baba, huyu mkeo anakula kama mtu anayeonja sumu. Supu yangu imekukosea nini, mama?”

“Haijanikosea, ni tamu,” nikasema.

“Uso wako haujapata habari hiyo,” akasema, na meza nzima ya jirani ikaangua kicheko. Akaniongezea nyama bila kuniuliza. Nikaila, kwa adabu tu.

Kiwandani tulifika saa tisa, kundi la watu kama kumi. Aliyetutembeza anaitwa Larbi, mtu wa makamo mwenye kofia ya majani na maneno mengi. Akatuonyesha mapipa ambamo pombe ya mchikichi inachacha, halafu kile chungu kikubwa cha shaba cha kuchemshia, halafu bomba linalozunguka ndani ya tangi la maji baridi, na mwisho wake chupa inayopokea tone kwa tone. Nilipenda pale penye tone. Nikasimama kulihesabu mpaka wenzangu wakanitangulia.

Larbi akasema, “Inayotoka kwanza hatuinywi, hiyo inapofusha. Inayotoka mwisho hatuinywi, hiyo maji matupu. Tunachukua ya katikati peke yake. Ni kama ndoa tu, wazee wangu. Mwanzo fujo, mwisho usingizi, raha iko katikati.” Watu wakacheka, na Twumasi akacheka nao. Nilikuwa sijayaona meno yake siku nyingi. Sisi tuna miaka kumi na mmoja, nadhani ndiyo katikati yenyewe.

Tulionjeshwa vikombe vitatu. Cha kwanza kina tangawizi, cha pili cha mchikichi mtupu, cha tatu sikumbuki. Twumasi akanunua chupa mbili zilizotiwa lakiri, moja ya Mjomba wetu, na moja ya mjomba wake yeye, Mzee Badu. Alichagua kwa makini, akizinyanyua kwenye mwanga kama anayechagua kitambaa.

Sasa ndipo lilipo kosa langu.

Jumapili tunaingia mjini, mchungaji akampigia Twumasi simu: friji la kanisa limezima na ndani kuna samaki wa karamu. Akanishusha getini kwa Mjomba, akanipa chupa. “Mpe, umwambie tumemkumbuka huko tulikokuwa. Nitapita Jumatano nimsalimie.” Akaondoa gari.

Mjomba alikuwa ameketi na wazee wawili, wanazungumza mambo ya mpaka wa shamba. Nikasalimia kwa kupeana mikono kuanzia kulia. Nikaweka chupa mezani. Nikaletewa maji, nikanywa. Mjomba akaniuliza kama inavyoulizwa, “Haya, Frempomaa, hapa kwetu ni salama. Wewe safari yako ina neno gani?”

Kulikuwa na kazi gani hapo, Dada? Mtoto wa miaka sita angejibu: tulikuwa Koforidua, Twumasi anakusalimu, hii ni zawadi yako. Lakini nilikuwa nimekaa siku mbili nasema ni tamu, nimeshiba, ahsante, naona. Maneno yalikuwa yameniishia. Nikatazama sakafu muda mrefu. Kisha nikasema, “Ni ya Twumasi.” Nikaaga, nikaondoka kwa miguu.

Wewe umekaa huko miaka kumi na minne, lakini hujasahau ilivyo nyumbani kwetu. Mwanamke aliyechoshwa na mumewe haji na maelezo. Anakuja peke yake, anaweka mbele ya mjomba chupa ambayo lakiri yake haijavunjwa, mfano wa ile aliyoposewa, anaulizwa neno, hasemi neno. Mama mdogo Dufie alifanya hivyo hivyo, na sisi wawili tulikuwa dirishani tunachungulia. Ndivyo nilivyofanya mimi, hatua kwa hatua, kama niliyefundishwa, na lile “ni ya Twumasi” likawa muhuri.

Jumanne wazee wakaibeba chupa mpaka kwa Mzee Badu. Mzee Badu alipoiona akasema, “Hii mbona ninayo tayari?” akafungua kabati akawaonyesha nyingine kama hiyo, Twumasi alimpelekea Jumatatu. Mjomba akadhani anadhihakiwa. Inasemekana walirushiana maneno kwa robo saa kabla hawajaelewana ni chupa gani imefuata nini.

Twumasi akarudi saa kumi jioni. Hakuingia ndani, alikaa kwenye ngazi na viatu vyake. Akasema, “Ungeniambia mimi kwanza.”

“Nikwambie nini?”

Akanieleza. Nikafungua mdomo nimwambie ni makosa, sikukusudia, kesho tu twende kwa Mjomba tumalize. Na hapa ndipo penye aibu yangu, Dada, nakwambia wewe peke yako. Sikusema. Nilijiuliza kwanza kama kweli ni makosa, nikakuta sijui. Nikawaza, basi chupa imesema yenyewe, nimepumzishwa. Twumasi alinisubiri kwa muda wa mtu kunywa chai na kuimaliza. Halafu akaingia ndani akachukua mto wake, akalala sebuleni siku nne. Chai yangu ya asubuhi aliendelea kuiweka mezani na kuifunika kisahani.

Baraza lilikaa juzi, Jumamosi, uani kwa Mjomba. Upande wa Mzee Badu watu watatu, upande wetu watatu, chupa katikati juu ya kigoda. Utaratibu unaujua: mwanamke huulizwa mara tatu, na akinyamaza mara tatu, wazee huipeleka chupa upande wa pili na mambo yamekwisha.

Mjomba akaniuliza, “Frempomaa, kinywaji hiki ulikileta wewe ili tukirudishe?” Nikanyamaza. Nilikuwa nasikia kila kitu vizuri, hata mwanambuzi wa jirani. Akaniuliza mara ya pili. Nikanyamaza tena.

Twumasi akasimama. “Mjomba, naomba usimuulize mara ya tatu.”

“Kaa chini, bwana. Zamu yako haijafika,” Mjomba akamwambia.

“Najua haijafika, nitalipia kosa.” Akabaki amesimama, kofia mkononi. “Mimi kinywaji hicho sikipokei. Si kwa ubishi. Akitaka kuniacha ana haki, hata mimi nisingekaa na mimi mwaka huu. Ila aniambie kwa mdomo wake. Tangu tumpoteze Nyarkoa sijamsikia mke wangu. Nimempeleka mpaka Koforidua nimsikie hata analalamika kwamba chakula kina chumvi. Aniambie, Twumasi, nakuacha. Nitaishika hiyo maana ni sauti yake.”

Alilitaja jina, Dada. Mbele ya watu, kwa sauti ya kawaida, kama anayemwita aje kula. Nilihisi kitu kikinipiga hapa chini ya koo. Hakikuwa kilio, wala sijui kilikuwa nini, lakini kiliuma, na nilikishangaa kwa sababu kiliuma.

Mjomba akanigeukia. Kabla hajafungua mdomo, nikasema. Sauti ilitoka mbovu, ikabidi nirudie.

“Ilikuwa zawadi yako, Mjomba. Niliulizwa neno nikakosa neno. Nimechoka, kweli nimechoka. Lakini sijachoka na yeye.”

Kisha Mzee Badu akamwambia Mjomba, “Kwa hiyo Jumanne ulinitukana bure.” Mjomba akanigeukia mimi: “Umetutembeza juani wazee watatu, mmoja ana presha, kwa sababu ya uvivu wa kufungua mdomo?” Akaniita mjinga mara kadhaa, kwa mapana na marefu, na ninakiri nilistahili. Halafu akaichukua ile chupa, akaivunja lakiri mbele yetu sote, maana kinywaji kikishafunguliwa hakuna ukoo unaoweza kukipokea kama cha kurudishwa. Kila mtu akapata chake. Mjomba alijimiminia mara mbili, na daktari asiambiwe.

Tulirudi nyumbani kwa miguu mimi na Twumasi, bado jua lipo. Karibu na kwa fundi wa magodoro akaniuliza, “Kama ningekipokea, ungeondoka?”

Ningeweza kumwambia la. Angefurahi, na ningekuwa nimeanza tena kama zamani. Nikamwambia, “Sijui, Twumasi.”

Akatembea hatua kadhaa. “Ahsante,” akasema. “Sijui ni kitu. Tunaweza kukaa na sijui.”

Tulipofika akaurudisha mto wake chumbani.

Basi, Dada, ile tiketi usiinunue. Sikudanganyi kwamba nimepona. Leo asubuhi nimekula na sikusikia ladha ya chochote. Bado sijalia. Lakini jana baada ya ibada nilimwambia Twumasi habari ya lile jino la Nyarkoa alilolificha kwenye kopo la sukari, kitu ambacho hakuwahi kukijua. Tulizungumza mpaka chakula kikapoa.

Nisalimie shemeji Opare, umwambie shati alilotuma linamtosha Twumasi mabegani tu. Wabusu Serwaa na Kwaku, na huyo mdogo ambaye bado sijamshika. Mwalimu wetu wa zamani Mama Pokuaa anakuulizia kila Jumapili. Mjomba anasema anakusalimu na kwamba hakukosea, alifuata alichokiona.

Mungu akutunze huko uliko, akulindie watoto wako wote, mmoja mmoja kwa jina. Mwaka ujao, tukijaliwa, tutakuja kukuona. Nimeandika tutakuja, Dada. Wawili.

Mdogo wako anayekupenda siku zote,
Frempomaa